Kwa nini Rochester hakumtaliki Bertha, na kwa nini Jane alikataa kubaki? Mjadala kuhusu riwaya ya Jane Eyre

MsomajiMakini anauliza:

Wapenzi wa fasihi, salaam. Nimeisoma Jane Eyre, riwaya ya Charlotte Brontë iliyotoka London mwezi Oktoba mwaka 1847 chini ya jina la kubuni la Currer Bell, na kuna jambo linanikwaza ambalo naomba mnisaidie kulielewa.

Katika sura ya 26, Jane, mwalimu wa nyumbani, na mwajiri wake, Bwana Rochester, wamesimama mbele ya madhabahu ili wafunge ndoa. Hakuna wasindikizaji wala jamaa. Kasisi anauliza, kama taratibu za Kanisa la Uingereza zinavyotaka, iwapo yupo anayejua kizuizi cha ndoa hiyo, na anapotaka kuendelea, sauti inasikika kutoka nyuma ikitamka kwamba kizuizi kipo. Ni wakili wa London aitwaye Briggs, na mkononi ana maandishi yanayoonyesha kwamba Rochester alifunga ndoa miaka 15 iliyopita huko Spanish Town, Jamaica, na mwanamke aitwaye Bertha Mason, na kwamba mwanamke huyo yu hai. Muda si mrefu tunaonyeshwa mwenyewe: amefungiwa ghorofa ya tatu ya jumba la Thornfield, akili zake zimemruka, na anayemlinda ni Grace Poole.

Swali langu la kwanza ni hili. Rochester ni mtu mwenye mashamba na fedha, ndoa yenyewe alitafutiwa na baba yake, na kwa miaka mingi hajaishi na Bertha kama mume na mke. Kwa nini hakumtaliki, akawa huru kumwoa Jane mchana kweupe? Uingereza ilikuwa nchi ya Kiprotestanti, na mimi nilidhani mambo ya talaka huko yalikuwa mepesi kuliko katika nchi za Kikatoliki. Je, ni sheria iliyomzuia, ni Kanisa, ni hofu ya aibu, au ni mwandishi tu aliyehitaji kikwazo ili hadithi yake iende mbele?

La pili ni kuhusu Jane. Anampenda mtu huyu kwa moyo wake wote, naye ni yatima asiye na baba wala mama wa kuaibika kwa ajili yake. Rochester anamwomba waondoke, wakaishi katika nyumba nyeupe kusini mwa Ufaransa, kando ya bahari, mahali ambapo hakuna anayewajua. Kwa nini anakataa? Rafiki ninayesoma naye anasema ni ucha Mungu, basi. Mimi nahisi kuna zaidi ya hapo, ila sijajua nilishike wapi.

KaratasiNaWino anajibu:

Ndugu MsomajiMakini, swali lako la kwanza lina jibu, na Rochester mwenyewe analitoa katika sura ya 27, ingawa ni rahisi kulipita kwa sababu limezama katikati ya maungamo marefu. Anasema kwamba mke wake alikuwa mlevi na asiye mwaminifu, lakini yeye hakuweza kujinasua kwa njia yoyote ya kisheria, kwa kuwa wakati huo madaktari walikuwa wamekwisha gundua kwamba Bertha ni mgonjwa wa akili. Msomaji wa leo anaweza kuiona sentensi hiyo kama kisingizio, lakini wasomaji wa mwaka 1847 waliielewa vizuri sana.

Riwaya haitaji mwaka wa matukio yake, na wachambuzi hubishana kuhusu hilo. Kwa suala letu haidhuru, maana iwe mwanzoni mwa karne ya 19 au karibu na mwaka kitabu kilipochapishwa, hali ya talaka ilikuwa ileile, na mageuzi yalikuja mwaka 1857. Kabla ya hapo mambo ya ndoa yalikuwa chini ya mahakama za Kanisa, na mahakama hizo hazikuwa na uwezo wa kuvunja ndoa iliyofungwa kihalali. Ziliweza kutamka kwamba ndoa fulani ilikuwa batili tangu mwanzo, kwa mfano pale ilipothibitika kwamba mmoja tayari alikuwa na mwenzi mwingine, au kwamba siku ya kufunga ndoa hakuwa na akili za kuelewa anachokiahidi. Ziliweza pia kuwaruhusu wanandoa kutengana kimakazi kwa sababu ya uzinzi au ukatili. Lakini waliotengana hivyo waliendelea kuwa mume na mke machoni pa sheria, na hakuna aliyeruhusiwa kuoa au kuolewa tena maadamu mwenzake yu hai.

Aliyetaka uhuru kamili ilimbidi aende Bungeni, akaombe itungwe sheria mahsusi kwa ajili ya ndoa yake peke yake. Kwa kawaida mume alianza kwa kumshtaki mwanamume aliyezini na mkewe katika mahakama ya kawaida na kudai fidia, halafu akapata hukumu ya kutengana katika mahakama ya Kanisa, na ndipo muswada wake ulipowasilishwa Bungeni, ambako siri zote za nyumba yake zilianikwa mbele ya watu. Tangu kuanza kwa karne ya 18 hadi mwaka 1857, talaka za namna hiyo zilizidi 300 kidogo tu kwa nchi nzima, na wanawake waliofanikiwa kuipata ni wanne. Gharama zilihesabiwa kwa mamia ya pauni, kwa hiyo ilikuwa njia ya matajiri.

Rochester alikuwa tajiri, na hapo ndipo kifundo kilipo. Fedha anazo, lakini sababu hana. Talaka ya Bunge ilijengwa juu ya uzinzi wa mke, na uzinzi ni hatia. Kwa maelezo yake, mwanamke ambaye madaktari wamemtangaza kuwa hana akili timamu hawezi tena kubebeshwa hatia mbele ya sheria. Wala wazimu wenyewe, hata uwe wa kudumu namna gani, haukuwa sababu ya talaka. Njia ya kubatilisha ndoa nayo ilifungwa, kwa sababu ingempasa athibitishe kwamba Bertha alikuwa mgonjwa siku ileile ya harusi, ilhali yeye mwenyewe anasimulia kwamba waliishi pamoja miaka minne huko Jamaica na kwamba ugonjwa ulitambuliwa baadaye.

Ukidhani labda angesubiri sheria ibadilike, tazama kilichofuata. Sheria ya mwaka 1857 ilihamishia talaka katika mahakama mpya ya kiraia. Mume akaweza kumtaliki mkewe kwa uzinzi, lakini mke alitakiwa kuthibitisha uzinzi pamoja na kosa jingine, kama vile ukatili au kutelekezwa, na tofauti hiyo iliondolewa mwaka 1923. Wazimu haukuingizwa. Uliingizwa mwaka 1937, tena kwa sharti kwamba ugonjwa uwe hauna matumaini ya kupona na mgonjwa awe chini ya uangalizi kwa miaka 5 mfululizo. Hiyo ni miaka 90 baada ya riwaya kuchapishwa.

Kuhusu tendo lenyewe la kusimama madhabahuni huku mke wa kwanza yu hai, hilo lilikuwa kosa la jinai. Chini ya sheria ya mwaka 1828, aliyepatikana na hatia aliweza kuhamishwa ng'ambo kwa miaka 7 au kufungwa hadi miaka 2. Lakini mimi naona aliyekuwa katika hatari kubwa zaidi pale kanisani ni Jane. Ndoa hiyo ingekuwa batili tangu dakika ile ilipofungwa. Angejiona mke, akaitwa mke, na siku ukweli ungetoka angekuwa hana haki yoyote ya mke, na watoto wake wangehesabiwa kuwa wa nje ya ndoa, wasioweza kumrithi baba yao kwa mujibu wa sheria. Rochester aliyajua hayo yote alipomshika mkono kumpeleka kanisani.

DaftariLaHistoria anajibu:

Naomba kuongeza kisa cha kweli kinachoonyesha kwamba kikwazo hiki hakikubuniwa kwa ajili ya hadithi. Mwandishi mashuhuri William Makepeace Thackeray alikuwa na mke, Isabella, aliyepatwa na ugonjwa wa akili mwaka 1840 baada ya kujifungua binti yao wa tatu. Hakupona. Thackeray alimweka chini ya uangalizi wa watu wengine, akawalea binti zake, na hakuweza kuoa tena hadi alipofariki mwaka 1863. Isabella aliishi miaka mingine 30 baada yake.

Toleo la pili la Jane Eyre lilipokuwa likiandaliwa, Charlotte Brontë alilitabaruku kwa Thackeray, kwa kuwa alimheshimu kuliko mwandishi mwingine yeyote wa wakati wake. Hakujua habari za nyumbani kwake. London ikajaa uvumi kwamba Currer Bell ni mwanamke aliyewahi kuwafundisha watoto wa Thackeray na kuwa hawara wake, na kwamba Rochester ni picha ya Thackeray. Charlotte alipoambiwa ukweli alifadhaika mno, akamwandikia kumwomba radhi. Ona jinsi hali ya Rochester ilivyofanana na hali ya mtu halisi aliyejulikana mjini, hata watu wasiamini kwamba imetungwa.

Mkutubi anajibu:

Nimefurahi kwamba swali la pili limeachwa kwa sisi wengine, kwa maana hilo ndilo lililonifanya niipende riwaya hii. MsomajiMakini, rafiki yako hajakosa kabisa. Jane anamtaja Mungu, na anasema waziwazi kwamba ataishika sheria iliyotolewa na Mungu na kukubaliwa na binadamu, tena kwamba sheria na kanuni zimewekwa kwa ajili ya saa ambayo mwili na roho vinaziasi. Lakini neno la kwanza analojibu nafsi yake inapomuuliza ni nani duniani anayemjali si la dini. Anajibu kwamba anajijali mwenyewe, na kwamba kadiri anavyokosa rafiki na mtegemeo ndivyo atakavyojiheshimu zaidi.

Ningependa utazame jambo dogo linalotangulia jibu hilo. Rochester, katika kujieleza, anasimulia juu ya mahawara aliowahi kuwa nao barani Ulaya: Céline Mfaransa, Giacinta Mwitaliano na Clara Mjerumani. Anasema kwamba kumweka hawara ni jambo linalofuata kwa ubaya baada ya kumnunua mtumwa, na kwamba sasa anachukia kumbukumbu ya siku alizokaa nao. Anadhani anamtuliza Jane. Jane anasikiliza, na moyoni anakata shauri kwamba kama angekubali kuwa mrithi wa wanawake hao, siku moja Rochester angemkumbuka kwa hisia zilezile anazowakumbuka nazo hao watatu. Hatamki neno. Anasema ilimtosha kulihisi, akalihifadhi moyoni limsaidie saa ya jaribu. Huyu ni msichana wa miaka 19 hivi, harusi yake imevunjika asubuhi hiyohiyo, na bado anamsoma mtu anayempenda kama karatasi iliyofunguliwa.

Kwa hiyo mimi nadhani jibu la swali lako liko katika fedha na hadhi pamoja na imani, na mwandishi ametuachia alama nyingi ili tusilikose. Jane alikuja Thornfield akiwa mwalimu wa nyumbani wa mtoto Adèle, kwa mshahara wa pauni 30 kwa mwaka, mara mbili ya ule aliokuwa akilipwa shuleni Lowood. Mwalimu wa nyumbani katika Uingereza ya wakati huo hakuwa mtumishi wala hakuwa wa familia. Alikuwa na elimu ya mabinti wa wenye nyumba, lakini alilipwa ujira, na kwa sababu hiyo hakuwa na mahali pake hasa: jikoni palikuwa chini yake, ukumbini palikuwa juu yake. Katika sura ya 17 tunamwona amekaa karibu na dirisha, nusu amefichwa na pazia, huku Blanche Ingram na mama yake wakiwadharau walimu wa aina yake kwa sauti ya kusikika, naye yuko mle mle chumbani. Charlotte aliijua hali hiyo kwa kuiishi. Alifanya kazi hiyo mwaka 1839 na tena mwaka 1841, na katika barua kwa dada yake Emily alieleza kwamba mwalimu wa nyumbani hahesabiwi kuwa kiumbe hai mwenye akili, isipokuwa kwa kadiri ya kazi za kuchosha anazotakiwa kuzitimiza.

Sasa soma tena sura ya 24, baada ya Rochester kumchumbia. Bi Fairfax, msimamizi wa nyumba, mwanamke mpole asiye na nia mbaya, anamwonya Jane kwamba mabwana wa cheo cha Rochester hawana kawaida ya kuwaoa walimu wa watoto wao. Kisha Rochester anampeleka Jane dukani Millcote. Anamchagulia hariri ya zambarau inayong'aa na satini ya waridi, na Jane anambembeleza kwa taabu hadi akubali satini nyeusi na hariri ya kijivu. Kadiri anavyonunuliwa vitu ndivyo mashavu yanavyomwaka kwa kero na kwa kujiona ameshushwa. Anamwambia Rochester kwamba hata baada ya ndoa ataendelea kumfundisha Adèle, ili chakula, malazi na zile pauni 30 awe anavifanyia kazi. Na katika safari hiyohiyo anakumbuka kwamba ana baba mdogo huko Madeira, John Eyre, ambaye aliwahi kutaka kumfanya mrithi wake. Anaamua kumwandikia kwamba anaolewa, kwa sababu, anasema, ingekuwa faraja kuwa na kitu kidogo cha kwake mwenyewe.

Barua hiyo ndiyo iliyovunja harusi. Hapa naomba usome polepole, kwa sababu wasomaji wengi huamini kwamba Briggs alitokea kanisani kwa bahati tu. Barua ilipofika Madeira, Richard Mason, kaka yake Bertha, alikuwa amepumzika hapo kwa John Eyre akiwa njiani kurudi Jamaica. John Eyre akamtajia jina la Rochester, Mason akashtuka na kueleza yote, na kwa kuwa John Eyre alikuwa mgonjwa wa kufa asiyeweza kusafiri, akamsihi Mason awahi kuizuia ndoa hiyo ya uongo na kumtafuta wakili. Yaani hatua ya Jane ya kutafuta senti zake, ili asiwe mwanamke wa kuvishwa na kulishwa, ndiyo iliyomwokoa asigeuzwe hawara bila kujua. Brontë angeweza kumleta Mason kwa njia kumi nyingine, lakini alichagua hii.

Na gharama ya kukataa haikufichwa. Jane anatoroka alfajiri na shilingi 20, ambazo ndizo mali yake yote, akiacha nyuma mkufu wa lulu aliopewa. Nauli inazimaliza, na mzigo wake mdogo anausahau garini. Analala nyikani, anajaribu kubadilisha leso na glavu kwa kipande cha mkate na kukataliwa, na siku moja anakula uji ulioganda ambao msichana alikuwa karibu kuumwagia nguruwe. Mwandishi aliyetaka kutuambia kwamba wema hulipwa papo hapo asingeandika kurasa hizo.

Kuhusu hoja ya ucha Mungu, kumbuka pia jinsi kitabu kilivyopokewa. Mwezi Desemba mwaka 1848, Elizabeth Rigby aliandika katika jarida la Quarterly Review kwamba riwaya hii inakwenda kinyume cha Ukristo, kwa sababu inanung'unikia raha za matajiri na dhiki za maskini, na manung'uniko hayo ni kuyanung'unikia mapenzi ya Mungu. Mimi simkubali katika hukumu yake, lakini alisoma kwa jicho kali. Aliona kwamba Jane haombi huruma, anadai haki.

SautiYaDarini anajibu:

Nimesoma majibu yote kwa makini na nashukuru, lakini kuna jambo linaniuma: sote tunazungumza juu ya Bertha kana kwamba tulimsikia. Hatukumsikia. Katika riwaya nzima hatamki sentensi moja iliyoandikwa kwetu. Kwamba alikuwa mlevi, kwamba hakuwa mwaminifu, kwamba wazimu ulikuwa katika ukoo wa mama yake, yote hayo yanatoka kinywani mwa mwanamume ambaye asubuhi hiyohiyo alikuwa amemdanganya kasisi, bibi harusi na kanisa zima. Mason anathibitisha tu kwamba ndoa ilifungwa na kwamba dada yake yu hai.

Tazama pia fedha zilikoenda. Baba yake Rochester hakutaka kuligawa shamba la ukoo, akamrithisha lote mwana mkubwa, Rowland. Ili Edward asibaki fukara, alitafutiwa mke Jamaica, binti wa mfanyabiashara na mwenye mashamba, ambaye angekuja na pauni 30,000. Kwa sheria ya Uingereza ya wakati huo, fedha za mke zilikuwa za mume mara tu ndoa ilipofungwa. Baadaye baba na kaka wakafa, Edward akapata na shamba pia. Bertha ndiye aliyeleta mali, na ndiye aliyefungiwa ghorofani kwa miaka kumi, jina lake likafichwa hata kwa majirani. Tukisema kwamba sheria ilimfunga Rochester, na ni kweli, basi tuseme pia kwamba sheria hiyohiyo ilimpa fedha za Bertha na funguo za chumba chake.

Wala urithi wa Jane haukutoka mbali na hapo. Riwaya inasema kwamba John Eyre alikuwa kwa miaka kadhaa wakala wa biashara ya Mason huko Funchal, mji wa Madeira. Utajiri wa Jamaica katika enzi hizo ulitokana na sukari na jasho la watumwa, na sehemu ya fedha iliyomweka Jane huru ilipitia katika mikono hiyohiyo. Jean Rhys, aliyezaliwa Dominica, aliliona pengo hili, akampa Bertha maisha na sauti katika riwaya yake ya mwaka 1966, Wide Sargasso Sea. Silisemi hili kumpunguzia Jane heshima. Nampenda kama nyinyi mnavyompenda. Lakini mapenzi yaliyokatazwa katika kitabu hiki yana mwanamke wa tatu, na kifo chake ndicho kilichofungua njia. Thornfield inaungua, Bertha anaruka kutoka paani, na Rochester anakuwa mjane. Hakuna mahakama iliyotatua jambo lolote.

MsomajiMakini anaandika tena:

Ahsanteni sana ndugu zangu. Habari ya barua ya Madeira nilikuwa nimeipita bila kuiona, na alichosema SautiYaDarini kuhusu pauni 30,000 kimenifanya nirudie sura ya 27 kwa masikio mengine. Sasa nina swali linalofuata. Jane anarithi pauni 20,000, anazigawa sawasawa na binamu zake watatu, na kila mmoja anapata 5,000. Anakwenda Ferndean, nyumba nyingine ya Rochester, anamkuta Rochester amepofuka na kupoteza mkono mmoja, anamwambia kwa fahari kwamba sasa yeye ni mwanamke huru na tajiri. Kisha anaolewa naye. Ikiwa fedha za mke zilikuwa za mume, si amezirudisha zilezile alizozitafuta kwa machozi?

KaratasiNaWino anajibu:

Kwa sheria ya kawaida, ndiyo. Fedha taslimu, samani na amana za mwanamke zikawa za mumewe siku ya harusi. Sheria ya mwaka 1870 ilianza kumwachia mke mapato ya kazi yake, na ile ya mwaka 1882 ndiyo iliyomwezesha kumiliki mali yake kama mtu anayejitegemea. Jane yuko nyuma ya zote mbili. Familia zenye uwezo zilitumia mkataba wa ndoa, ambapo mali ya mke iliwekwa mikononi mwa wadhamini ili mume asiiguse, na mahakama ya usawa iliuheshimu mkataba huo. Riwaya haisemi kama Jane aliandikishiana kitu cha aina hiyo na Rochester. Kwa hiyo, kwa kadiri maandishi yanavyotuonyesha, pauni 5,000 ziliingia mikononi mwa mume.

Mkutubi anajibu:

Nakubaliana na KaratasiNaWino katika sheria, lakini naona fedha hizo zilikuwa zimekwisha fanya kazi yake kabla ya harusi. Pauni 5,000 ni mshahara wa zaidi ya miaka 160 ya kazi aliyoifanya Thornfield. Alipoingia Ferndean, hakuna aliyeweza kusema kwamba amekuja kwa sababu hana pa kwenda. Alimwambia Rochester kwamba akikataliwa kuishi naye atajijengea nyumba yake jirani. Mara ya kwanza alichumbiwa na mwajiri wake. Mara hii alikuja kwa hiari, na angeweza kuondoka.

Na kuna jambo jingine katika sura ya 33 ambalo nakuomba ulitazame. Jane anapoamua kugawa urithi, St. John, mmoja wa binamu zake hao, anapinga, anamwambia hajui fedha ni nini, anamtaka afikiri kwanza. Yeye anashikilia. Wanachaguliwa waamuzi, Bwana Oliver na wakili mmoja hodari, nao wanakubaliana naye, kisha hati za kuhamisha mali zinaandikwa kisheria. Wakati huo Jane anaamini kwamba hataolewa kamwe, na anamwambia St. John hivyo. Lakini kwa hati hizo, kabla hajajua kama Rochester yu hai, robo tatu ya urithi wake ilikuwa imekwisha wekwa kwa majina ya binamu zake, mahali ambapo hakuna mume wake yeyote ambaye angeweza kuidai.